Chembe nyekundu zinavunjika baada ya dawa: anza kwa kuhesabu siku

Kichupa chenye kizibo cha zambarau kimefika maabara saa nane usiku. Umekizungusha kwenye sentrifuji, na plazma (maji ya damu) iliyopaswa kuwa ya kimanjano hafifu imetoka nyekundu kama juisi ya rozela. Juzi mgonjwa alikuwa na himoglobini ya 11. Leo mashine inasoma 6. Fomu imeandikwa neno moja tu, malaria, na alama ya kuuliza.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya usiku kama huo. Ni wa wenzangu wa maabara, wa tabibu na muuguzi wa zamu, na wa mfamasia anayepigiwa simu akiwa usingizini. Nimekaa benchi la damu muda wa kutosha kuona watoto wakiongezwa chupa ya pili na ya tatu huku dawa inayowavunja chembe ikiendelea kudungwa, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kinachoniuma ni kwamba swali lenyewe ni dogo: dozi ya kwanza ilitolewa lini, na mkojo ulibadilika rangi lini? Umbali kati ya tarehe hizo mbili hukuambia utando wa chembe umeshambuliwa kwa njia ipi, mara nyingi hata kabla hujaligusa jina la dawa.

Utando wenyewe kwanza, kwa ufupi. Chembe nyekundu haina kiini wala haitengenezi protini mpya. Inaingia kwenye damu na ilichonacho, na kwa hicho hicho inaishi siku 120 hivi, ikijipenyeza kwenye mishipa myembamba kuliko upana wake. Kinachoiwezesha ni matabaka mawili ya mafuta yenye kolesteroli, na chini yake wavu wa protini iitwayo spektrini, uliofungwa kwenye utando kama wavu wa mvuvi ulivyofungwa kwenye maboya. Unene wote huo ni karibu sehemu ya laki moja ya milimita. Wavu ukikakamaa, chembe haipindiki. Na isipopindika haipiti kwenye wengu, ambao wengine tunauita bandama. Mianya ya wengu ni myembamba mno, na chembe iliyokwama humo huliwa.

Plazma nyekundu, mgonjwa hana neno

Kabla ya kuilaumu dawa yoyote, chunguza sindano. Damu iliyovutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, kidole kilichokamuliwa mpaka kikawa cheupe, kichupa kilichotikiswa badala ya kupinduliwa taratibu, sampuli iliyosafiri juani kwenye pikipiki: vyote hivyo hupasua utando bila msaada wa dawa. Alama yake ni kwamba ushahidi unaishia ndani ya kichupa. Mkojo ni msafi, macho ni meupe, chembe changa za retikulosaiti hazijaongezeka, ila potasiamu imepanda ghafla kwa mtu aliyekaa kitandani anapiga soga. Chukua damu nyingine, mkono mwingine, na usiufunge mpira muda mrefu. Plazma ya pili ikiwa safi, hapo hapana ugonjwa. Ikiwa nyekundu tena, omba mkojo.

Mkojo nao una mitego. Rifampisini huugeuza rangi ya chungwa, na metronidazo inaweza kuufanya wa kahawia, bila chembe hata moja kuvunjika. Chovya kijiti. Kikisoma damu, zungusha mkojo uangalie mashapo kwenye hadubini. Ukikuta chembe nyekundu nzima nzima, damu inatoka kwenye figo au njia ya mkojo, na kwetu pwani kichocho ndicho cha kukumbukwa kwanza, kwa hiyo tafuta mayai. Usipozikuta, na maji ya juu yamebaki mekundu, kilichomwagika ni himoglobini au ni protini ya misuli. Rudi kwenye plazma: himoglobini huiacha nyekundu, protini ya misuli huiacha safi.

Mkojo kama Coca-Cola siku ya pili hadi ya nne

Hili ndilo ninalokutana nalo zaidi. Mgonjwa ameanza dawa Jumatatu. Jumatano jioni analalamika mgongo, Alhamisi mkojo umekuwa mweusi, Ijumaa macho ni ya manjano. Mpangilio huo ni wa dawa inayounguza himoglobini kwa oksijeni ndani ya mtu mwenye upungufu wa G6PD.

G6PD ni kimeng'enya kinachoipa chembe nguvu ya kujilinda isiungue. Chembe nyingine za mwili zina njia mbadala. Chembe nyekundu haina. Kimeng'enya kikipungua, himoglobini iliyoungua huganda mabonge madogo, nayo hunata upande wa ndani wa utando kama ukoko kwenye sufuria. Tunayaita mabonge ya Heinz. Wengu huyang'oa pamoja na kipande cha utando, na chembe inarudi kwenye mzunguko ikiwa imemeguka pembeni kama andazi lililoumwa na mtoto.

Kwenye slaidi iliyotiwa rangi ya kawaida ya Leishman utauona mmeguko huo. Utaona pia chembe ambazo himoglobini imejikusanya upande mmoja na upande wa pili umebaki lengelenge tupu. Mabonge yenyewe hutayaona, kwa sababu rangi za Leishman na Giemsa haziyaonyeshi. Changanya damu mbichi na methili vayoleti, subiri, weka tone kwenye slaidi: yatajitokeza kama vitone vya zambarau vilivyoegemea ukingo wa chembe. Fanya hivyo mapema. Ukichelewa siku chache wengu unakuwa umeshasafisha, na utaandika kwamba hukuona kitu.

Dawa za kuuliza kwanza ni primakwini ya siku 14 kwa malaria ya vivax, dapsoni kwa wagonjwa wa ukoma, na nitrofurantoini inayotolewa kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Mchanganyiko wa kloroproguanili na dapsoni uliokuwa umeanza kutibu malaria barani Afrika uliondolewa mwaka 2008 kwa sababu hii hii. Septrini ya kliniki ya VVU wengi huivumilia. Na tafadhali tusichanganye dozi mbili za primakwini: ile moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kilo, inayotolewa pamoja na dawa mseto ili mbu asibebe vimelea, Shirika la Afya Duniani tangu 2012 limesema haihitaji kupima G6PD kwanza. Ile ya siku 14 inahitaji.

Uhusiano wa primakwini na kimeng'enya hiki ulifahamika kupitia wafungwa. Watafiti wa Chicago waliwapa dawa hiyo wafungwa wa gereza la Stateville, jimbo la Illinois, na mwaka 1956 ikachapishwa kwamba waliovunjikiwa chembe walikuwa na upungufu wa G6PD. Naona ni haki tulikumbuke hilo kila tunapotumia maarifa yaliyotoka kwenye miili ya watu waliokuwa kifungoni. Kwao ilionekana pia kwamba himoglobini hushuka kwa wiki moja hivi, kisha huanza kupanda hata dawa ikiendelea, kwa sababu chembe zee zimekwisha na changa zina kimeng'enya cha kutosha. Upungufu ulioenea zaidi Afrika huenda hivyo. Ule wa Mediterania, unaopatikana pia Oman na nchi za Ghuba, huvunja hata chembe changa, na hapo himoglobini haipandi mpaka dawa iachwe. Familia nyingi za pwani zina asili ya pande zote mbili, kwa hiyo usimtulize mtu kwa kumwambia kwamba aina yake lazima ni nyepesi.

Kuna wakati orodha ya dawa ni tupu na siku zinatimia vilevile. Aliletwa kichanga wa siku sita, manjano hadi nyayoni, himoglobini inashuka. Mama yake hakumpa dawa yoyote. Nilipoinama kumtoboa kisigino nilisikia harufu kali ikitoka kwenye kanga iliyomfunga.

"Shikamoo bibi. Hizi kanga zilikuwa zimehifadhiwa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Zilikuwa sandukuni mwangu. Nimezitunza tangu mama yake azaliwe, na vidonge vyeupe vya nondo juu yake."

Vidonge hivyo vilikuwa nafthalini. Mvuke wake hupenya kwenye ngozi ya kichanga na kufanya kazi ile ile ya dapsoni. Hina pia iulizwe, hasa mtoto mchanga akipakwa mwili: kiungo chake kinachotia rangi kinafanana kimaumbile na kinachotokana na nafthalini mwilini, na kimewahi kuvunja chembe za watoto wenye upungufu huu. Bibi yule hakuwa na kosa lolote. Alikuwa amemtunzia mjukuu nguo kwa mapenzi kwa zaidi ya miaka ishirini. Uliza kwa namna ambayo mtu kama yeye ataweza kukujibu.

Cha kufanya: acha dawa au kitu chenyewe, mpe maji ya kutosha ili figo zisizibe, pima kiasi cha mkojo na kreatinini, ongeza damu kwa kuangalia hali ya mgonjwa pamoja na namba.

Damu ya rangi ya chokoleti

Mgonjwa ana midomo ya bluu, kipima oksijeni cha kidoleni kimeganda kwenye 85 hivi, na oksijeni unayompa haibadilishi kitu. Dondosha tone la damu yake kwenye gozi nyeupe na tone lako pembeni. Lako litawaka jekundu hewani. Lake litabaki la kahawia. Himoglobini imeungua kwa namna nyingine, ambayo haibebi oksijeni. Dapsoni na primakwini hufanya hivi, na dawa za ganzi za kupaka pia. Tiba ni methilini bluu, miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, ila mwenye upungufu wa G6PD hapewi: kwake haisaidii, na inaweza kumalizia chembe zilizobaki.

Dakika au saa chache baada ya sindano

Hii ndiyo inayonitisha kuliko zote. Mtoto mwenye selimundu amelazwa na homa, anachomwa seftriaksoni, na kabla muuguzi hajamaliza raundi mtoto analia mgongo, amepauka, mkojo mwekundu. Himoglobini inaweza kufika 2 au 3 siku hiyo hiyo. Mara nyingi mtoto huyo ameshapata seftriaksoni mara nyingi huko nyuma, na damu yake imetengeneza kingamwili inayoitambua dawa ikiwa juu ya chembe. Dawa inaporudi, kingamwili hukutana nayo pale pale kwenye utando, huita protini za kinga zilizomo kwenye damu, ziitwazo komplementi, nazo hutoboa utando hapo hapo ndani ya mshipa. Wengu hausubiriwi.

Kipimo cha Coombs cha moja kwa moja, kinachoonyesha kama chembe zimenatwa na kingamwili au komplementi, hutoka chanya, kwa kawaida upande wa komplementi. Lakini usingoje majibu ya Coombs ndipo usimamishe dawa. Watoto hawa wanaweza kufa ndani ya saa chache, na kosa la kawaida ni kudhani kwamba selimundu yenyewe imezidi, kisha dozi ya jioni ikachomwa. Simamisha, badilisha dawa, na andika kwenye kadi ya kliniki kwa maandishi makubwa kwamba mtoto huyu asipewe tena seftriaksoni. Mwambie mama jina la dawa, mfanye alirudie.

Penisilini hufuata mwendo wa taratibu. Inanata kwenye utando kwa wiki nzima ya dozi kubwa, yuniti milioni 10 na zaidi kwa siku, ndipo kingamwili inapoijia na wengu kuanza kula chembe zilizopakwa. Ukiona himoglobini inateremka kidogo kidogo kuanzia siku ya 7 hadi ya 10 bila mkojo mweusi, na Coombs ni chanya upande wa IgG, ambayo ni aina ya kingamwili, hesabu zinaelekea huko. Kwinini nayo ina kingamwili zake. Homa ya mkojo mweusi iliyoogopwa enzi za ukoloni iliwakuta sana waliokuwa wakimeza kwinini kwa kurukaruka, na hata leo kwinini huweza kuleta chembe zilizokatika vipandevipande pamoja na chembe sahani zilizoshuka. Ukiona vipande hivyo na chembe sahani chache, mpigie daktari simu kabla hujaandika majibu.

Mgonjwa ameruhusiwa, amerudi wiki ya pili amepauka

Alikuwa na malaria kali, vimelea vimejaa kwenye slaidi, akachomwa artesuneti na akapona vizuri. Kati ya siku ya 7 na ya 21 anarudi amechoka, macho manjano, himoglobini imeshuka. Slaidi ya vimelea ni safi. Hapo wengi huanza kutibu malaria upya, au humwambia alikula vibaya.

Kilichotokea ni hiki. Artesuneti huua kimelea kikiwa bado kichanga ndani ya chembe. Wengu humtoa kimelea aliyekufa na kuirudisha chembe kwenye mzunguko ikiwa hai. Ni kazi ya ajabu, na ndiyo sababu mojawapo dawa hii inaokoa maisha. Lakini kila chembe iliyotolewa mzigo wake imepoteza sehemu ya utando, na utando uliopungua hauwezi kupindika kama zamani. Chembe hizo huishi wiki moja, mbili, au tatu, kisha hufa karibu kwa pamoja. Ndiyo maana aliyekuwa na vimelea vingi zaidi ndiye anayeshuka zaidi.

Sipendi kusikia mtu akitumia jambo hili kuitilia shaka artesuneti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulihusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo: waliopewa artesuneti walikufa asilimia 8.5, waliopewa kwinini asilimia 10.9. Anemia hii ya kuchelewa unaweza kuiona ikija ukipanga. Mpe tarehe za kurudi kupima himoglobini kila wiki kwa wiki 4, ziandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa, na mwambie ndugu anayemsindikiza kwamba macho ya manjano au mkojo mweusi ni sababu ya kurudi hata kama tarehe haijafika. Wengi huinuka wenyewe. Wachache huhitaji damu.

Chupa zote hazikubaliani, mgonjwa mwenyewe hana dalili

Mama mjamzito mwenye presha, anatumia methildopa miezi mitano sasa. Anapangiwa upasuaji, unamtafutia damu, na kila chupa unayolinganisha inaganda. Fanya Coombs ya moja kwa moja: chanya. Methildopa ikitumika miezi 3 hadi 6, watumiaji 10 hadi 20 kwa 100 hutengeneza kingamwili dhidi ya utando wao wenyewe, na kingamwili hiyo hunata kwenye utando hata pasipo dawa juu yake. Wanaovunjikiwa chembe kweli hawafiki 1 kwa 100. Kwa hiyo usimtangazie anemia. Angalia himoglobini, retikulosaiti na bilirubini, ile rangi ya manjano inayotokana na chembe zilizovunjika. Zikiwa tulivu, kazi yako ni kuhakikisha hakuna kingamwili nyingine iliyojificha chini ya hiyo, hasa kama alishazaa au kuongezwa damu. Waambie mapema wanaofanya upasuaji na benki ya damu, kwa sababu kutafuta chupa inayofaa kunaweza kuchukua siku nzima. Hata dawa ikiachwa, Coombs inaweza kubaki chanya miezi mingi.

Miiba na midomo kwenye slaidi

Mwaka 1974 Michael Sheetz na Jonathan Singer walieleza jambo ambalo bado linanivutia kila nikilifikiria. Tabaka mbili za utando hazichukui dawa sawasawa. Dawa yenye chaji hasi, kama salisileti, hujikusanya tabaka la nje. Tabaka hilo hutanuka kuliko la ndani, na chembe huota miiba kama shokishoki. Dawa yenye chaji chanya, kama klopromazini, hupenya hadi tabaka la ndani, na chembe hubonyea kama mdomo uliofunuka. Dawa ikioshwa, umbo hurudi.

Lakini yale yalikuwa majaribio ya maabara, na dawa nyingi kuliko inayofika kwenye damu ya mgonjwa. Ukiona miiba kwenye slaidi yako, usiikimbilie aspirini. Uliza damu imekaa saa ngapi kwenye EDTA, ile dawa ya kichupani inayozuia damu isigande. Angalia kama miiba iko kwenye kila chembe ya eneo moja na haipo eneo jingine, maana hiyo ni kasoro ya kukausha. Toboa kidole, tandaza slaidi mpya papo hapo. Miiba ikibaki, pima figo. Na kama chembe zina vitobo vinavyong'aa kama kioo, chungulia chupa ya methanoli tunayoshikizia damu kwenye slaidi: kwenye unyevu wa pwani hunyonya maji, na methanoli yenye maji huharibu kila slaidi ya wiki hiyo. Funga kizibo, badilisha.

Kipimo cha G6PD kimetoka kizuri, lakini kila kitu kinasema G6PD

Umefuata siku, umeona mimeguko, umeona mabonge, kisha majibu ya G6PD yanasema kawaida. Majibu hayajakosea, yamepima chembe zilizosalia. Zilizokuwa na upungufu mkubwa zaidi zimeshavunjika, na zilizobaki ni retikulosaiti changa zenye kimeng'enya kingi kuliko kawaida ya mgonjwa huyo. Akiwa ameongezewa damu, unapima kimeng'enya cha mchangiaji. Andika kwenye majibu kwamba sampuli ilichukuliwa wakati chembe zinavunjika, na upange kurudia baada ya miezi 3, chembe zikiwa zimezeeka tena. Jina la dawa liandikwe hapo hapo kwenye kadi kama dawa ya kukwepwa kwa sasa. Mgonjwa akiwa mvulana, kumbuka alirithi kwa mama, kwa hiyo nao ndugu zake wa tumbo moja wapimwe, na miezi hiyo mitatu haiwahusu: wao wanaweza kupimwa leo.